Video ya Mkono wa Kushoto

Mimi sikuzaliwa kuongea na simu. Nilizaliwa kuongea na watu, tena nikiwa nimewasimamia, nikiona mkono wa kila mmoja unavyokwenda na kumkemea kabla hajaharibu kitambaa. Ndiyo maana mkuu wa chuo aliponiambia masomo yangu ya ushonaji yarekodiwe kwa video na kuwekwa mtandaoni, nilimtazama kama mtu aliyeniomba nichemshe chai kwa cherehani.

"Wanafunzi wako ni watu wazima, Mwalimu, wana kazi zao," aliniambia. "Mlinzi akiwa zamu hawezi kuja darasani. Mama Pacha watoto wakiugua hawezi kuja. Wakipata video watajifunza nyumbani, na watarudia kadiri wanavyotaka."

"Ushonaji haufundishwi kwa macho," nilisema. "Mpira nao watu wanautazama kila wiki. Mbona hawajui kucheza?"

Alicheka sana, akanipigia makofi kabisa, kisha akasema anasubiri video ya kwanza wiki hiyohiyo. Ni kijana mpole, na watu wapole ndio wagumu kuwashinda. Nilitoka ofisini kwake nimevimba mashavu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia dada yangu, nikitegemea atanisaidia kumsema. Zamani angeshika kiuno na kumsema mkuu huyo mpaka masikio yamuwashe huko aliko. Safari hii aliniambia tu, "Mpe anachotaka," akageuza uso kuelekea dirishani.

Inabidi nimweleze Dada kidogo, maana bila yeye mimi si fundi wala si mwalimu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa bado navaa viatu kinyume. Miaka mingi tulikuwa na duka letu, chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ya kukatia katikati na cherehani mbili ukutani, mpaka chuo kiliponiita nikafundishe. Yeye alibaki na duka, na wateja wakabaki naye, kwa sababu walikuwa wake tangu mwanzo. Mimi walikuwa wananivumilia.

Dada alikuwa na sheria zake dukani, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: cherehani yenye kazi chini ya mguu haihamishwi wala haiguswi na mtu mwingine. Mguu, kwa asiyejua, ni kile kichuma kidogo kinachobana kitambaa sindano inaposhuka. Kitambaa kikiwa pale, maana yake fundi ana neno lake hajalimaliza, hata kama ameenda kunywa maji. Siku tuliyohama chumba cha kwanza, wabebaji waliketi ngazini wakisubiri Dada amalize pindo la gauni, na mwenye nyumba akaketi nao, amenuna. Dada hakuharakisha hata mshono mmoja.

Kisha mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mdomo ulirudi, tena ulirudi na makali yake yote. Mguu nao ulirudi. Mkono ukakataa. Vidole vyake vya kulia vinaweza kulala juu ya kitu na kukikandamiza, lakini kushika sindano haviwezi, na mkasi ndiyo usiseme.

Mimi nilikimbilia dawa ya kwanza iliyonijia kichwani. Nilimnunulia mkasi wa mashoto, ule ambao makali yake yamegeuzwa ili mkono wa kushoto uweze kukata vizuri, nikamwekea mezani, nikasema haya Dada, nitakufundisha. Nadhani hilo neno la mwisho ndilo lililoharibu.

"Wewe Kitinda?" alisema. Hilo ndilo jina langu kwake, kwa kuwa mimi ni wa mwisho kwetu. "Wewe unifundishe mimi kushika mkasi?"

Alijaribu lakini, kwa kunionea huruma. Nilisimama nyuma yake, nikamwonyesha kwa mkono wangu wa kulia, na yeye akawa anapaswa kugeuza kila kitu kichwani kwanza ndipo mkono wake wa kushoto ufuate. Kitambaa kilikatika kikaenda mvange. Niliuma midomo nisiseme kitu, nikadhani nimeficha, kumbe Dada anaijua sura yangu kuliko ninavyoijua mwenyewe. Aligeuka akautazama uso wangu, akautia mkasi kwenye droo, akafunika cherehani yake kwa shuka. Tukafunga duka, cherehani tukaihamishia nyumbani, sebuleni, na shuka ikabaki palepale.

Sasa wiki hiyo ya video alinitangazia jambo akiwa anautazama ukuta.

"Hiyo cherehani nimekipa chuo chenu. Mkuu wako nimeshaongea naye. Jumamosi asubuhi waje waichukue."

"Dada, hebu ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Hapa inakula vumbi. Huko itafanya kazi. Usinililie."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikalia huko. Siku ya kiharusi ni daktari aliyesema mkono huenda usirudi, na daktari unaweza kumbishia. Sasa Dada alikuwa amesema mwenyewe. Nilijua cherehani ikitoka mlangoni, Dada naye amekwisha kama fundi, atabaki kuwa mgonjwa anayekaa dirishani.

Katika hali hiyo ndipo nikarekodi video. Niliingia chumbani kwangu nikiwa na hasira na dunia nzima, nikaning'iniza simu juu ya meza, nikaifunga kwenye mkono wa taa kwa mpira wa kiunoni, ule tunaotia kwenye sketi. Mtu wa kunishikia simu sikuwa naye, na nilitaka kuona kama mikono yangu iko ndani ya picha au imetoka. Kwa hiyo niliwasha kamera ya mbele, ile ya kujitazama. Nilijiona fundi wa mitambo.

Somo lilikuwa shati la kiume: kukata mfuko, kuushikiza kifuani kwa mkono, kisha kutia vifungo. Mwanzoni niliongea kama ninayesoma taarifa ya habari. Baadaye nilisahau simu, nikaanza kufoka kama darasani. "Wewe unayesinzia huko, kunja ukingo kwanza! Usivute kitambaa, kimekukosea nini?" Kabla ya kukata niligonga mkasi mezani mara mbili, ko-ko, kama mtu anayebisha hodi. Ni tabia yangu tangu utotoni, wala huwa sijui kama naifanya. Nilipomaliza nilituma video kwa mkuu, naye akaiweka kwenye ukurasa wa chuo siku ileile, na maneno ya kunisifu juu yake. Nililala nikiwa nimejivuna kidogo.

Alhamisi wanafunzi wakaja na mashati yao.

Mlinzi ndiye aliyekuwa wa kwanza, mtu mzima mwenye mabega mapana, anayeshona kwa adabu kama anayelinda benki. Alilitundika shati lake mbele ya darasa akarudi nyuma hatua moja, apate kusifiwa. Mishono ilikuwa mizuri. Mfuko ulikuwa kifua cha kulia. Vifungo vilikuwa upande wa kushoto, kama blauzi ya kike.

"Baba," nilimwambia, "hili shati umemshonea nani? Shemeji yako?"

Darasa likacheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa analirudisha lake kwenye mfuko wa plastiki polepole, nami nikaliwahi. Mfuko kulia, vifungo kushoto. Nikakusanya ya wengine. Yote yalikuwa hivyohivyo, kama yametoka kiwanda kimoja kilichorogwa.

"Nani amewafundisha huu upuuzi?" nilifoka.

Mlinzi akakohoa. "Ni wewe, Mwalimu."

Mama Pacha akatoa simu yake, akaifungua ile video na kuniwekea mbele ya pua. Nikajiona. Yule mwanamke kwenye simu alikuwa mimi, na gauni langu, na ufokaji wangu, lakini alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Aliushikiza mfuko kifua cha kulia. Futi ya kupimia ilikuwa na namba zilizogeuka, kama unavyozisoma kwenye kioo. Simu yangu ilikuwa imehifadhi picha kama kioo kinavyoonyesha, kushoto imekuwa kulia, na mimi nilituma bila kutazama hata mara moja, kwa sababu nilikwisha kuapa kwamba video haifundishi.

"Na hizo namba hamkuziona zimegeuka?" niliuliza, nikiwa bado natafuta wa kumlaumu.

"Tuliziona," alisema Mama Pacha. "Tukadhani ndiyo futi ya mafundi wakubwa."

Hapo ndipo nilipovunjika mbavu na mimi. Nilicheka mpaka nikakaa. Lakini nilipokuwa nacheka kuna jambo liliniingia, sikutaka kulikubali pale pale. Mishono ile ilikuwa mizuri. Mlinzi hakuwahi kukunja ukingo sawasawa darasani, hata siku moja, kwa sababu nikimsimamia mikono yake hutetemeka. Nyumbani kwake, mimi nikiwa nafoka ndani ya simu anayoweza kuizima, alikuwa amekunja ukingo ulionyooka kama mstari wa rula. Alinifuata kwa kila kitu. Nilichokosea mimi ndicho alichokosea yeye.

Mkuu wa chuo alicheka zaidi yangu, akaniomba nirekodi upya na ile mbaya aiondoe. Nilimwambia aiondoe hata kabla sijafika mlangoni. Ya kwenye simu yangu nilikusudia kuifuta nikifika nyumbani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilimsimulia Dada mkasa huo. Nilimwigiza Mlinzi anavyorudi nyuma kusubiri sifa, nikamwigiza Mama Pacha na futi yake ya mafundi wakubwa. Nilitaka acheke. Kesho yake cherehani ilikuwa inaondoka, na nilitaka walau siku hiyo acheke. Midomo ilicheza kidogo, basi.

"Ilete nione," alisema.

Nilimwekea simu mezani, nikaiegemeza kwenye bakuli la matunda. Video ilipofika mwisho akasema, "Rudia." Nikarudia. Safari ya pili aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha simu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye paja, na niliona vidole vinajongea.

"Unagonga mkasi," alisema.

"Nini?"

"Kabla ya kukata. Ko-ko. Hiyo ni yangu."

"Kila kitu ni chako. Si wewe uliyenifundisha?"

Dada alikuwa anamtazama yule mwanamke wa kwenye simu anavyovuta uzi kwa kidole kidogo, anavyogeuza kitambaa kwa dole gumba, vyote vya kwake, vyote vimehamia mkono wa kushoto. Mimi wakati ule sikuelewa. Nilidhani ananikagua, anatafuta kosa, na nikaanza kujitetea kuhusu ule mshono wa pembeni.

"Nyamaza," alisema. "Simu niachie. Nenda chuo."

"Niende chuo bila simu?"

"Ulikuwa unakwendaje zamani? Nenda. Na mlango ufunge."

Nikaenda, nanung'unika njia nzima. Niliporudi jioni, jua likiwa bado lipo, nilimkuta kwenye kiti chake cha dirishani, shuka iko juu ya cherehani kama kawaida. Akanipa simu.

"Imezimika," alisema. "Chaji yako haidumu. Na ile video usiifute."

"Ya nini sasa?"

"Nimesema usiifute, Kitinda."

Begani mwake palikuwa na kipande cha uzi mweupe. Nilikitoa bila kufikiri, nikakitupa. Nyumba yetu haijawahi kukosa uzi.

Jumamosi asubuhi Mlinzi na Mama Pacha wakafika na mkokoteni wa kuazima, kamba na magodoro mawili ya zamani ya kuzuia cherehani isigongwe. Mkuu aliwachagua wao kwa kuwa wana nguvu, na nadhani pia kwa kuwa wana adabu. Waliingia sebuleni wakamwamkia Dada, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," akawaambia wakae. Hawakukaa. Mtu aliyekuja kuchukua kitu cha mtu huwa hakai.

"Tunashukuru sana kwa zawadi, mama," alisema Mlinzi. "Tutaitunza."

Dada alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Nilisogea kwenye cherehani kwa haraka ili yaishe, maana kama ningengoja kidogo ningeangua kilio mbele ya wanafunzi wangu, nisiwe na uso wa kuwafokea tena. Nikashika pembe ya shuka, nikaivuta.

Uzi mweupe ulikuwa umepita kwenye sindano. Chini ya mguu wa cherehani kulikuwa na kitambaa.

Nilisimama na shuka mkononi. Kilikuwa kipande cha foronya ya zamani, kimekatwa umbo la mfuko wa shati, kimeshikizwa juu ya kipande kingine kwa uzi wa mkono. Upande mmoja wa mfuko ulikwisha kushonwa kwa mashine, na wa pili ulikuwa umefika katikati. Sindano ilikuwa imeshuka ndani ya kitambaa, imekishikilia. Pembeni, juu ya meza, ulikuwepo ule mkasi wa mashoto.

Mlinzi alikuwa ameshainama kushika upande wake. "Tubebe, Mwalimu?"

"Usiguse!" nilipiga kelele, mpaka Mama Pacha akaruka. Kisha sauti ikanitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Ina kazi chini ya mguu."

Walinitazama, wakamtazama Dada. Dada alijiinua kwenye kiti, taratibu, akaja akasimama kati yao na cherehani.

"Samahanini, wanangu," aliwaambia. "Nimewatesa na mkokoteni bure. Mwambieni mkuu wenu kuna kazi sijaimaliza."

"Utamaliza lini, mama, ili turudi?" aliuliza Mlinzi, kwa nia njema kabisa, na Mama Pacha akamkanyaga mguu.

"Sijui," Dada alisema. "Mimi ni mwanafunzi. Wanafunzi wanachelewa."

Mama Pacha akamvuta Mlinzi kwa mkono wa shati, akamtoa nje, na tukaisikia ile kamba na magodoro vikirudi kwenye mkokoteni. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka waziwazi, sikuyafungulia bomba.

"Sasa unalia nini?" alisema Dada.

"Kwa nini hukuniita? Ningekaa nawe."

"Ndiyo maana sikukuita." Akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Ukikaa hapa unanitolea macho. Yule wa kwenye simu anafoka, lakini hanioni. Nikikosea namrudisha nyuma, anaanza upya, hanuni. Na mkono anaotumia ndio huu niliobaki nao. Nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya kazi yangu. Jana nimeuona."

Mimi niliyeapa kwamba ushonaji haufundishwi kwa macho nilibaki nimekumbatia shuka.

"Ila mfuko umeuweka kulia," aliongeza. "Umeniaibisha. Wangu nitauweka kushoto unakotakiwa kuwa. Mikono nakufuata, akili sikufuati."

Akauweka mkono wa kulia juu ya kitambaa, ukalala pale kama uzito wa kuzuia karatasi zisipeperuke. Wa kushoto akausogeza karibu na sindano. Akakanyaga. Cherehani ililia kidogo, ikatembea, ikasimama, ikatembea tena mpaka mwisho wa ukingo. Alichomoa kitambaa, akaukata uzi, akaushika ule mfuko mbele ya mwanga wa dirisha. Mshono ulikuwa umepanda na kushuka kama mlevi anayerudi nyumbani.

Nilijitahidi na uso wangu. Nilijitahidi kweli.

"Sema," alisema, bila kugeuka. "Umepinda?"

Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikakumbuka kwamba enzi zile hakuwahi kunidanganya, hata nilipokuwa mtoto, hata nilipokuwa nalia.

"Umepinda, Dada."

"Nimeuona." Alichukua kifaa cha kufumulia kwa mkono wa kushoto, akakitafutia mshono wa kwanza, akaukosa, akautafuta tena. "Nafumua. Wewe kafunge simu yako kwenye taa. Mkuu mpe video yake iliyonyooka. Ukimaliza, nirekodie mimi somo la kola, kwa ile kamera ya kioo. Na uende polepole kidogo, Mwalimu, kwenye vifungo ulinikimbiza."

Maisha yangu yote hajawahi kuniita Mwalimu bila kunicheka. Nilikwenda chumbani kutafuta mpira wa kiunoni, na nikiwa bado sijauona, nikasikia kutoka sebuleni mkasi ukigonga meza mara mbili.